Nywele zinasema ndiyo, kucha zinasema hapana

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu ana mtoto wa miaka 3. Mimi ndiye mama mdogo wake na kwa sasa nakaa naye, kwa sababu ustawi wa jamii wamemtoa kwa mama yake. Dada alikuwa akitumia kokeini, hilo hakatai. Anasema aliacha miezi 6 kabla ya kupimwa. Baba wa mtoto aliendelea kuvuta humo ndani mpaka alipoondoka miezi 2 baadaye. Mahakama ikaagiza nywele zipimwe. Kipande cha karibu na kichwa, sentimita 3, kimekutwa na kokeini nanogramu 0.6 kwa kila miligramu ya nywele, na zao lake, benzoilekgonini, 0.08. Kipande kinachofuata, sentimita 3 hadi 6, kina kokeini 2.9. Nywele za mtoto zina 0.3. Kucha za mikono za dada zilichukuliwa siku hiyohiyo, hazikukutwa na kitu. Ripoti imeandika "matokeo yanaashiria matumizi yanayoendelea". Dada analia kwamba ameonewa. Tuamini nini: nywele, kucha, au dada?

JIBU: Marahaba, mama mdogo, na pole kwa mzigo wa watu wawili. Nashukuru umeniandikia namba zenyewe. Wengi huniletea neno moja tu, "amekutwa nayo", wakataka nitoe hukumu, na kwa neno moja sina la kusema. Kwa namba zako ninalo, ingawa si lote litakalomfurahisha dada yako.

Kauli ya "matumizi yanayoendelea" haibebwi na namba hizi. Wala namba hizi hazithibitishi kwamba ameacha. Maabara iliulizwa kama ndani ya nywele kuna kokeini, ikajibu ipo. Kemia iliishia hapo. Iliingiaje, lini, na kwa mkono wa nani, hayo ni tafsiri ya mtu, na mtu huyo alikuwa na milango kadhaa mbele yake akafungua mmoja bila kuitaja mingine.

Nywele husifiwa kwamba ni kalenda. Za kichwani hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, ndiyo maana maabara hukata sentimita 3 ikaziita miezi 3. Lakini hiyo 1 ni wastani. Wako ambao zao hukua 0.7 kwa mwezi, wako wa 1.3, na hakuna aliyempima dada yako kujua yeye yuko wapi. Halafu mkasi haugusi ngozi. Hata mkataji hodari huacha kama nusu sentimita kichwani, kwa hiyo "0 hadi 3" ya kwenye karatasi, ukiihesabu kutoka kwenye ngozi, ni 0.5 hadi 3.5. Chukua kalamu tuhesabu.

Tuseme nywele zake hukua 0.7 kwa mwezi. Kipande cha kwanza kinaishia 3.5 gawanya kwa 0.7, yaani miezi 5 nyuma. Cha pili kinaanzia hapo na kufika 6.5 gawanya kwa 0.7, miezi 9 na ushee. Sehemu kubwa ya kipande hicho imeangukia kabla hajaacha, na ile 2.9 haimpingi hata kidogo. Sasa tuseme hukua 1.2. Kipande cha kwanza kinaishia karibu miezi 3 nyuma, cha pili kinaishia miezi 5 na nusu hivi. Hapo kipande chote cha pili kimeingia ndani ya muda ambao anaapa alikuwa msafi, na 2.9 inageuka kuwa shida kubwa. Nywele ni zilezile na namba ni ileile. Kilichobadilika ni kadirio la ukuaji ambalo hakuna mtu aliyelipima, na ripoti haijamwambia hakimu kwamba ni kadirio.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo huwaponza watu walioacha kweli. Nywele hazikui zote kwa pamoja. Wakati wowote ule, asilimia 10 hadi 15 hivi ya nywele za kichwani zimesimama, zimekaa tu zikingoja kudondoka, na hukaa hivyo kwa miezi kadhaa. Unywele uliosimama mwezi wa mwisho wa matumizi una kokeini mpaka shinani. Ukikatwa pamoja na fungu lote unahesabiwa kuwa ni wa "miezi 3 iliyopita", wakati habari zake ni za zamani. Ndiyo maana wataalamu wanakubali kwamba aliyekuwa mtumiaji wa mara kwa mara anaweza kuonyesha mabaki kwenye kipande cha karibu kwa miezi 3 hadi 6 baada ya kuacha, yakiwa yanashuka taratibu.

Kushuka huko ndiko ninakokuona hapa: 2.9 kwenda 0.6, karibu mara tano. Mtu anayetumia kwa kiwango kilekile huwa na namba zinazokaribiana, na mara nyingi kipande chake cha mbali ndicho chenye kidogo, maana kimeoshwa, kimechanwa na kupigwa jua kwa miezi mingi zaidi. Kwa dada yako ni kinyume. Ningekuwa ninaandika ripoti hiyo ningeandika kwamba matokeo yanalingana na mtu aliyepunguza sana au aliyeacha, na kwamba nywele peke yake haziwezi kutenganisha hao wawili. Sentensi hiyo haina mvuto, lakini ndiyo inayotoka kwenye namba.

Sasa hiyo 0.6. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kazi hii, Society of Hair Testing, imependekeza mpaka wa nanogramu 0.5 kwa miligramu kwa kokeini, na 0.05 kwa mazao yake kama benzoilekgonini. Dada yako amevuka yote mawili, la kwanza kwa kiasi kidogo tu. Watu huuona mpaka huu kama ukuta: huku watumiaji, kule wasafi. Ni namba waliyokubaliana wanakemia ili lugha yao iwe moja na ili aliyeguswa tu na vumbi asihesabiwe mtumiaji. Sampuli ileile ikirudiwa kupimwa inaweza kushuka au kupanda kidogo, na namba iliyo jirani namna hii na mpaka haistahili kubeba peke yake uamuzi wa mtoto alale wapi. Upande wa pili wa jambo hilo pia ni kweli: aliye na 0.4 hajathibitishwa kuwa msafi.

Benzoilekgonini hupendwa na maabara kwa sababu mwili huitengeneza unapoisaga kokeini, kwa hiyo ikionekana husemwa kwamba dawa imepita mwilini. Ni hoja nzuri isiyotosha. Kokeini iliyokaa kwenye unyevu, hasa penye magadi au dawa kali, huvunjika yenyewe ikawa benzoilekgonini bila kupita kwenye damu ya mtu. Yapo mazao mengine yenye uzito zaidi kama ushahidi: norkokeini, na kokaetilini ambayo mwili huiunda mtu anapotumia kokeini pamoja na pombe. Ulizeni kama hayo yalitafutwa, na yalikutwa kipande gani.

Hapa ndipo moshi wa baba unapoingia, na naomba uwe mwangalifu nao. Nimeona mawakili wakiusukuma moshi wa mtu mwingine kwenye kila kesi, hata pale mteja ana nanogramu 40 na kokaetilini juu yake. Hakimu akishalisikia mara mbili la uongo, la tatu la kweli halisikii tena. Kwenu moshi upo kweli, lakini tazama tarehe. Baba aliondoka miezi 4 kabla ya kupimwa. Nywele zilizokuwa nje ya ngozi siku zile, kwa ukuaji wa kawaida, leo ziko mbali na kichwa kwa sentimita 4 au zaidi. Kwa hiyo moshi wake unaweza kueleza sehemu ya ile 2.9, ila 0.6 ya karibu na kichwa hauielezi vizuri, isipokuwa vumbi lilibaki kwenye godoro, kochi na nguo zake na kuendelea kumgusa. Hilo hutokea, kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo 0.6 inaelezwa zaidi na zile nywele zilizosimama, au na matumizi ya hapa na pale. Sitakuficha hilo la pili.

Maabara inayojua kazi huziosha nywele kabla ya kuzipima, na huyapima hata maji ya kuoshea. Kokeini ikijaa kwenye maji, ilikuwa juu juu. Kuosha hakumalizi kila kitu, maana jasho na mafuta ya kichwa huingiza uchafu wa nje mpaka ndani ya unywele, lakini namba ya maji hayo ni ushahidi na mna haki ya kuiomba. Kwa bangi tatizo ni kubwa zaidi: mwaka 2015 watafiti wa Freiburg, Ujerumani, walionyesha kwamba viambata vya bangi hufika kwenye nywele za mtu asiyevuta kupitia mikono, jasho na mafuta ya ngozi ya anayevuta. Walisema wazi kwamba kuvikuta kwenye nywele hakuthibitishi kuvuta.

Kuna pia rangi. Kokeini, kodeini na dawa za jamii hiyo hushikwa na melanini, ile inayozifanya nywele kuwa nyeusi. Watu waliopewa kodeini kwa kiasi sawa walionekana nayo kwa wingi mara kadhaa kwenye nywele nyeusi kuliko kwenye nyekundu. Mpaka wa 0.5 ni mmoja kwa vichwa vyote. Katika mgogoro mrefu wa polisi weusi wa Boston, Marekani, waliofukuzwa kazi kwa vipimo vya nywele za kokeini, tume ya utumishi wa umma ya Massachusetts iliamua mwaka 2013 kwamba sita kati yao warudishwe kazini, kwa kuwa kipimo kile pekee hakikutosha kumfukuzisha mtu. Melanini haiwezi kutengeneza kokeini pale isipokuwapo. Inachoweza ni kuvusha mpakani kichwa cheusi chenye kidogo, huku cha njano chenye kidogo hichohicho kikibaki chini.

Vipodozi nitavipitia haraka. Blichi na rangi za kudumu huharibu dawa iliyomo na kupunguza namba, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu. Dawa ya kulainisha hufanya vivyo hivyo, na pasi ya nywele nayo hugusa matokeo. Nywele za kusukia zikichanganyika na zake kwenye fungu, kipimo kimeharibika. Haya yote yalipaswa kuulizwa na kuandikwa siku ya kukata.

Tuje kwenye kucha. Watu hudhani ukucha ni unywele mnene tu, na kwa kweli vyote vimeundwa kwa protini ileile ngumu, keratini. Lakini ukucha hauhifadhi historia kama unywele. Wa mkononi husogea kama milimita 3 kwa mwezi, wa mguuni nusu ya hapo au pungufu. Unazaliwa shinani, chini ya ngozi, na huchukua miezi 4 hadi 6 kufika ncha inayokatwa. Ingekuwa ndivyo tu, ncha ya ukucha ingekuwa ukurasa wa kalenda wa miezi hiyo. Sivyo. Ukucha unaposonga mbele, nyama iliyo chini yake huuongezea unene, na huo unene hubeba kilichokuwa kwenye damu wiki hizo. Juu yake jasho la vidole huulowesha kila siku. Watafiti wa Zurich waliwahi kuwapa watu kidonge kimoja cha usingizi, zolpidem, wakafuatilia kucha zao: dawa ilionekana ndani ya saa 24, kabla ukucha haujakua hata robo milimita, kisha ikarudi kwa mawimbi wiki zilizofuata. Ina maana milimita 2 za ncha zina habari za miezi kadhaa zilizokorogwa pamoja. Huwezi kuzikata vipande ukasema huu Machi, huu Aprili.

Faida ya kucha ni kwamba rangi ya nywele haizihusu, na aliyenyoa kipara bado anazo. Hasara yake ni kwamba mipaka iliyokubaliwa kimataifa kama ile ya nywele haipo, kila maabara huja na yake. Pia uzito ni mdogo: vipande vya vidole kumi huweza kuwa makumi machache tu ya miligramu, na sampuli ikiwa ndogo mashine huona vibaya. Kwa hiyo "haikukutwa" inabeba swali ndani yake: chini ya kiwango gani? Maabara iliyoweza kuona nanogramu 0.05 na isiione imesema jambo. Iliyoishia 0.5 imesema kidogo sana, maana hata nywele zake za karibu zilikuwa 0.6 tu. Uliza pia kama alikuwa na rangi ya kucha au kucha za kubandika, na zilitolewa kwa kutumia kitu gani, kwa sababu asetoni huweza kuondoka na sehemu ya kile kinachotafutwa.

Kwa hiyo nywele na kucha zake hazigombani. Zote zinasema kokeini ya miezi ya karibuni ni ndogo au haipo. Angekuwa anatumia kila wiki mpaka siku ya kupimwa, ningetegemea kuiona kwenye kucha. Mara moja au mbili ingeweza kupenya bila kuonekana, na hilo wakili wa ustawi wa jamii atalijua kama mtaalamu wao ni mtu makini.

Nywele za mtoto ndizo zilizonifanya niandike jibu refu hivi. Za mtu mzima tunazielewa kwa kiasi. Za mtoto mdogo ni nyembamba zaidi, hunyonya cha nje kwa urahisi, na ukuaji wake haufuati ile sentimita 1. Kalenda yake usiiamini. Na mtoto wa miaka 3 anaishi sakafuni. Anagusa kochi, anaweka vidole mdomoni, anashika nywele zake kwa mikono iliyolowa mate, analala kifuani kwa mtu aliyetoka kuvuta. Kokeini 0.3 kwenye nywele zake inasema aliishi karibu na kokeini, na hilo hakuna mtu katika kesi yenu anayelikana. Haisemi alipewa. Haisemi aliimeza. Wala haisemi ilikuwa baada ya baba kuondoka. Mtu akisimama mahakamani akageuza 0.3 hiyo kuwa "mtoto alilishwa", mwulizeni ameonaje tofauti kati ya kulishwa na kuguswa. Kwa namba hiyo peke yake hawezi kuiona.

Siongei kwa kubahatisha. Huko Toronto, Kanada, ndani ya Hospital for Sick Children palikuwa na maabara iliyoitwa Motherisk, ambayo kwa miaka ilipima nywele za maelfu ya wazazi kwa ajili ya kesi za watoto. Mwaka 2009 mama mmoja alitiwa hatiani kwa kumpa mwanawe kokeini, na nywele za mtoto zilikuwa nguzo ya ushahidi. Oktoba 2014 Mahakama ya Rufani ya Ontario, jimbo lenye Toronto, iliifuta hatia hiyo ya kokeini baada ya mtaalamu mwingine kuonyesha udhaifu wa vipimo. Serikali ya jimbo ikamteua jaji mstaafu Susan Lang achunguze. Desemba 2015 alitoa jibu: vipimo vya dawa za kulevya na pombe vilivyofanywa na maabara hiyo kati ya 2005 na 2015 havikutosha wala havikuaminika kwa kesi za watoto na za jinai.

Kosa lao nalitaja kwa kirefu kidogo kwa sababu nataka ulitafute kwenye karatasi zako. Kazi hii ina hatua mbili. Ya kwanza ni kipimo cha awali, ELISA, cha haraka na cha bei nafuu, kinachosema "labda": hudanganywa na kemikali zinazofanana na ile inayotafutwa. Ya pili ni uthibitisho kwa spektromita ya masi, ambayo huitambua molekuli yenyewe kwa uzito wake na vipande vyake. Motherisk kwa miaka ilichukua "labda" ya hatua ya kwanza ikaipeleka mahakamani kama namba kamili. Viongozi wake hawakuwa na mafunzo ya uchunguzi wa kimahakama. Ilikuwa maabara ya tiba iliyojikuta inaamua kesi. Na mahakama, kwa miaka 10, hazikuuliza. Kamishna Judith Beaman alipopitia mafaili 1,271 na kutoa ripoti Februari 2018, alikuta kesi 56 ambazo vipimo hivyo vilikuwa na athari kubwa kwenye uamuzi. Baadhi ya watoto hao walikuwa wameshapata wazazi wengine kisheria, na mlango wa kurudi ulikuwa umefungwa.

Uingereza nayo ilipata yake: Novemba 2017 serikali ilitangaza kwamba vipimo vyote vya Trimega, maabara ya Manchester iliyopima kwa ajili ya kesi za watoto kati ya 2010 na 2014, vihesabiwe kuwa huenda haviaminiki. Lakini huko majaji walikuwa wameshaanza kuuliza. Mwaka 2010 Jaji Moylan alisema vipimo vya pombe kwenye nywele vitumike tu kama sehemu ya picha nzima ya ushahidi. Mwaka 2017 Jaji Peter Jackson alikuwa na kesi inayokaribiana na yenu: mama aliyewahi kutumia, kokeini ya viwango vya chini, ripoti za maabara zaidi ya moja. Aliwasikiliza wataalamu, akamsikiliza mama mwenyewe, akawatazama waliomwona kila siku, kisha akakataa kusema kwamba mama alikuwa ametumia. Alizitaka pia maabara ziandike ripoti ambazo asiye mwanakemia anaweza kuzielewa. Hukumu hiyo haimfungi hakimu wenu, ila wakili wa dada yako aisome.

Nini kifanyike? Kwanza ombeni faili zima la maabara badala ya ripoti ya kurasa mbili: matokeo ya awali na ya uthibitisho, maji ya kuoshea, viwango vya chini ambavyo mashine iliweza kuona, kiasi ambacho namba inaweza kukosea juu au chini, na cheti cha ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, kinachotaja nywele, na kucha kwa jina lake. Maabara kuwa na ithibati ya mkojo si kuwa nayo ya kucha.

Pili, na hili ndilo ningelipigania zaidi, nywele zikatwe tena miezi 3 baada ya zile za kwanza, safari hii kwa vipande vya sentimita 1 moja, kumi mfululizo kama urefu unaruhusu. Kokeini ya zamani haiyeyuki kichwani, husafiri na unywele. Kama dada ameacha, ile 2.9 tutaiona imesogea kwenye sentimita 6 hadi 9, na vipande vya karibu na kichwa vitakuwa vimeshuka chini ya mpaka au vimetakata. Na kama kilele kimebaki karibu na kichwa, tutajua hilo pia. Jinsi kilele kinavyosogea itatupa hata kasi ya ukuaji wa nywele zake, ile iliyokosekana kwenye hesabu yetu ya mwanzo. Wakati huo asitie blichi, asitie dawa, asinyoe. Najua akiwa na hasira atataka kunyoa. Akinyoa, mahakama itadhani anaficha. Kama atakubali, vipimo vya mkojo vya kushtukiza katikati ya miezi hiyo vitaziba tundu la "mara moja moja" ambalo nywele na kucha haziwezi kuliziba.

Jambo la mwisho ni dogo kwa macho. Fungu la nywele likikatwa, mkataji hulifunga uzi upande wa kichwani, au huuweka upande huo kwenye alama ya karatasi, ili maabara ijue mzizi uko wapi. Miaka kadhaa nyuma nililetewa nipitie faili la mwanamke ambaye ripoti ilisema ameanza kutumia upya: kipande cha karibu kilikuwa na nyingi, cha mbali karibu sifuri. Nikaomba picha ya sampuli. Uzi ulikuwa umefungwa kwenye ncha zilizochongoka na kuchanika, zile za mwisho wa nywele, na upande wa pili ulikuwa umekatwa safi kwa mkasi. Fungu zima lilisomwa kinyumenyume. Kwa hiyo omba fomu ya siku ya kukata na picha ya fungu, na utazame uzi uko upande gani. Kwa dada yako jambo hili linakata kotekote: kama fungu lake nalo liligeuzwa, ule mteremko wa 2.9 kwenda 0.6 niliouegemea hapo juu unakuwa mpando, na ni heri mlijue hilo kabla ya kuingia mahakamani kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa wakili wa upande wa pili.